Asiyelala Kwenye Kilio

Jumatatu, tarehe 6 Mei. Butembo

Moulin ya jirani imeanza kusaga muhogo kabla chai yangu haijachemka. Nimetia pamba masikioni. Haisaidii. Mngurumo ule hauji kwa masikio peke yake, unapanda kutoka sakafuni, unaingia kwa nyayo, unakaa kwenye meno. Nimesahihisha insha za darasa la sita taya zikiwa zimebana. Alama kali mno. Si kosa la wanafunzi. Nitazipitia tena kesho.

Mada ya kipindi changu cha Jumamosi redioni nimeipata: makanisa na bafle zao, vile vipaza sauti vikubwa. Nitaanza hivi: katika mji huu kila mchungaji anaamini Mungu ni kiziwi. Watapiga simu studio. Wapige. Nina majibu ya kuwatosha wote.

Ukungu umeshuka mpaka barabarani. Nimekula peke yangu, sombe ya jana, majani ya muhogo. Napenda kula peke yangu. Nimeandika sentensi hiyo, nimeisoma, sina hakika nayo.

Alhamisi, tarehe 9 Mei

Mkutano wa walimu. Mkuu wa shule amenijulisha kwa mgeni: huyu ndiye mama wetu wa redio, roho ngumu, hata wakubwa wa vizuizi vya barabarani wanamwogopa. Wakacheka. Nami nikacheka.

Ukweli wa mkutano ule ni mwingine. Walimu wawili wamegombana na hakuna aliyetambua. Mimi nimetambua. Nimeona mmoja alivyovuta kiti, nimeona mwenzake alivyokunja karatasi. Nimetoka na ugomvi wao tumboni. Haunihusu. Bado uko humu.

Hivyo ndivyo ninavyoshinda midahalo. Uso wa mtu ukibadilika kidogo tu, nimeshajua panapomuuma. Napiga hapo. Watu wanaita ujasiri. Usiku nazilipia zile nyuso zote, mmoja mmoja, macho wazi.

Jumamosi, tarehe 11 Mei

Nimesoma maneno yangu juu ya bafle. Simu nyingi. Mchungaji mmoja ameniombea hewani nipate mume. Nimemwuliza kama mume huyo atakuja na bafle.

Kahambu amepiga kutoka Beni, anacheka. Ni mdogo wangu, mtoto wa mwisho wa mama, na ndiye pekee aliyebaki. Amesema Kambale, mume wake, amesikiliza kipindi akiwa kitandani na amecheka mpaka kikohozi. Sukari imempanda tena. Mwezi uliopita alipita hapa akienda kwa daktari, akala maharage yangu, akaniambia nipunguze chumvi na hasira. Mtu mpole. Ananunua kakao kwa wakulima wa Eringeti na hapandishi sauti hata kwenye mizani. Nyumbani kwake tu ndiko ninakoweza kukaa siku mbili bila kutafuta mlango.

Jumanne, tarehe 14 Mei

Kambale amekufa. Kahambu hakuweza kusema, amenipigia simu akiwa analia, nikasikiliza kilio chake mpaka uniti zikaisha.

Nimeomba ruhusa shuleni. Kesho Beni.

Jumatano, tarehe 15 Mei. Beni

Njia mbaya, vizuizi vingi, vumbi, joto linaanza ukishuka tu kutoka milimani. Nimefika nikiwa nimechoka tayari.

Wametandaza shitingi, maturubai ya plastiki, juu ya uwanja wote. Bafle mbili. Kwaya mbili, moja ya Wakatoliki, moja ya majirani Waprotestanti, zinapokezana. Ndani, sebuleni, wanaume wametoa viti na wanawake wametandika mikeka. Kahambu yuko katikati, kitambaa kimefungwa kichwani. Nimekaa kuume kwake. Ndipo mahali pangu, dada mkubwa. Ameshika mkono wangu na hakuuachia.

Kila mgeni akifika mlangoni analia kwa sauti, na wote tunalia naye upya. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Wenzangu wanalia, kisha wanapumzika, wanaulizana bei ya mafuta ya mawese, wanalia tena. Mimi sina breki hiyo. Kila kilio kipya kinanikuta nilipoachwa na kile cha kwanza.

Kavira ndiye anayeongoza kila kitu. Dada mkubwa wa Kambale, ana duka Kasindi, sauti ya mpakani, mikono ya kazi. Jikoni wanamtii. Na mimi nimemtii.

Ijumaa, tarehe 17 Mei. Beni

Tumemzika jana. Lazima niandike lililotokea, maana tayari linasimuliwa na watu wengine.

Usiku wa kuamkia maziko sikulala hata kidogo. Taa haizimwi sebuleni wakati wa kilio. Miguu ya mwanamke mmoja mgongoni mwangu, pumzi ya mwingine usoni. Kinanda. Harufu ya jasho, ya moshi, ya maua yanayooza. Makaburini sikumwona Kambale, niliona tu jua linavyopiga kwenye koleo. Baada ya kurudi nikatoka kutafuta maji ya kunywa. Nikapita jikoni. Nikapita uwanjani. Nikajikuta barabarani, nikasimamisha moto, pikipiki ya abiria, nikamwambia dereva anipeleke hoteli yoyote yenye mlango unaofungwa.

Nililala kama kitu kilichotupwa kisimani.

Asubuhi nimerudi nimeoga, kitenge kimenyooka. Hapo ndipo nilipokosa akili. Wanawake wote wamevaa nguo za siku tatu, nywele zina majani ya mkeka, na mimi naingia nanukia sabuni. Walivuta miguu tu, kunipisha.

Katika kabila letu mwanamke wa damu habanduki kwenye mkeka mpaka watu watawanyike. Nalijua hilo tangu utoto. Nilikuwa najua nikiwa kwenye moto ile.

Jumapili, tarehe 19 Mei. Butembo

Jana usiku nilitoka tena. Nilingoja Kahambu asinzie, au nilidhani amesinzia. Hoteli ile ile, chumba kile kile.

Leo baada ya misa Kavira amesema mbele ya mikeka yote, bila kuinua sauti, huku akichambua mchele.

"Mwalimu amelala wapi? Ao mukeka yetu iko na kunguni?"

Wamecheka kidogo. Yeye hakucheka. Akaendelea:

"Mutu mwenye hapana kulala kwa kilio, anaogopa maiti. Na mwenye kuogopa maiti anajua mwenyewe juu ya nini."

Mimi nina mdomo. Mdomo ndio kazi yangu. Nikamjibu kwamba bafle mbili na kinanda hazijamfufua mtu yeyote katika Kongo nzima. Kwamba tunamlilia marehemu kwa kuwaua walio hai. Kwamba mjane hajala kitu cha maana siku nne na anaongezewa kwaya. Nilisema vizuri. Hoja zilikaa mahali pake. Wanaume kule nje walikuwa wameacha kuongea ili wasikie.

Nilishinda. Kahambu alikuwa anatazama sakafu.

Nikachukua mfuko wangu, nikapanda gari la mchana. Hakuna aliyenisindikiza. Njia nzima nilikuwa naongeza hoja.

Alhamisi, tarehe 23 Mei. Butembo

Neno limefika hapa kabla ya barua yoyote. Muuza makayabu, samaki wa chumvi, sokoni ameniambia kwa upole, kama mtu anayekuonya kwamba sketi imefunguka: kule Beni wanasema Kambale alikula kwako. Wanasema karuho.

Sumu. Mimi. Kwa maharage.

Nimecheka palepale, kwa sauti, ili wengine waone. Nimefika nyumbani nikakaa sakafuni.

Mantiki yao naiona, na ndiyo inayonitia hasira, kwa sababu ina mpangilio. Asiye na hatia analala kwenye kilio mpaka mwisho. Huyu hakulala. Marehemu alikula kwake. Basi. Ningekuwa mimi ndiye ninayeijenga hoja hiyo redioni, ningewashawishi watu.

Kahambu hapokei simu.

Jumamosi, tarehe 25 Mei

Nimesoma redioni juu ya vilio. Sikutaja jina, sikutaja Beni. Nimeuliza: kilio ni cha nani, cha aliyefiwa au cha wenye bafle? Kwa nini huzuni ipimwe kwa sauti? Nani ameamua kwamba anayelala mbali amependa kidogo? Fundi wa studio alinyoosha kidole gumba nyuma ya kioo. Wamesema ndicho kipindi changu bora cha mwaka.

Jioni ujumbe wa Kahambu, anayeniita Yaya, dada mkubwa. Mfupi. "Yaya nimesikia radio. Hapana kuja kumaliza kilio."

Kumaliza kilio ni mwezi ujao. Siku hiyo wananyoa nywele, wanazima moto wa uwanjani, wanakula pamoja, na mkubwa wa ukoo anataja watu wa nyumba mmoja mmoja. Asiyetajwa siku hiyo hatajwi tena. Haji kwenye harusi, haitwi mtoto akiugua. Nimeona watu waliotolewa namna hiyo. Wanaishi, wanasalimiwa, ila hawana kwao.

Sina mume. Sina mtoto. Baba na mama wako kaburini Luofu. Nina Kahambu.

Jumanne, tarehe 28 Mei

Chaki imelia ubaoni na mimi nimelia. Mbele ya darasa la sita. Hayakuwa machozi mawili matatu ya kupangusa, ilikuwa kwikwi, mkono mmoja ukutani. Wanafunzi walinyamaza kabisa, na ukimya wao ulinihurumia, na huruma ile ikanimaliza.

Sijalala vizuri tangu nirudi. Nikifumba macho nasikia hatua za mlinzi wa jirani, friji, mbwa, na nyuma ya hivyo vyote kilio cha mlangoni. Moyo unakwenda mbio nikiwa nimelala chali. Nimemfokea mama wa ndizi leo kwa sababu ya jua.

Mkuu wa shule ameniambia niende kituo cha afya, na nisirudi bila karatasi.

Ijumaa, tarehe 31 Mei

Kituo cha afya. Nilitaka vidonge. Muuguzi akanipeleka kwa mwanasaikolojia wao, Mama Katungu, rika langu, viatu vya ndara, kioo cha miwani kimepasuka. Nilikwenda nikiwa tayari kupigana naye.

Aliniuliza mambo ya ajabu. Kama lebo ya nguo inanikera shingoni. Kama mwanga mkali unanichosha kuliko kazi. Kama naingia chumbani na kujua nani amekasirika. Kama utotoni walikuwa wananiambia nina makuu. Nikajibu ndiyo, ndiyo, ndiyo, nikachukia kila ndiyo.

Amesema kuna watu ambao, walivyoumbwa, wanapokea vingi zaidi: sauti, mwanga, maumivu ya wengine. Si ugonjwa, akasema, wala si udhaifu, ni namna ya mwili. Ila mzigo ukiwa mwingi na hakuna pa kuutua, usingizi ndio unaoondoka kwanza. Usingizi ukiondoka, vile vitu vinaingia kwa nguvu zaidi. Halafu hasira. Halafu mwili wenyewe unagoma.

Nilimwambia maneno hayo ni ya watu wa nchi zenye amani. Hapa Beni na Butembo nani analala? Mama wa Eringeti anayelala na viatu miguuni tayari kukimbia, naye umwite mpokeaji wa vingi? Tusifanye woga wa watu wote kuwa tabia ya mtu mmoja, serikali itafurahi sana.

Hakukasirika. Amesema vita ni vita, na haviponywi kwa kupumua polepole. Amesema pia kwamba mvua inanyesha juu ya wote, ila si wote wana paa moja, na mimi langu ni jembamba. Mvua si kosa langu. Kujua paa langu ni kazi yangu.

Nilitafuta tundu katika hoja hiyo. Nimetafuta mpaka sasa.

Nikamweleza juu ya Beni. Akaniuliza swali moja tu: je, nilimwambia mdogo wangu kwamba natoka, na kwa nini? Nikasema mtu hasemi jambo kama hilo kwenye kilio. Akasema, "Mais kwenye radio ulisema."

Hakunipa vidonge. Amesema nipumzike kabla ya kundi la watu, nisingoje baada. Nipunguze sauti ninazoweza kupunguza. Na niseme mapema, kwa mtu mmoja, kwa maneno machache. Hilo la mwisho amelirudia.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimevuka uwanja, nimeenda kwa mwenye moulin. Miaka yote hii nimemsema redioni, sijawahi kukanyaga mlango wake. Amenipa kiti. Amesema mama yake mzazi alikuwa hivyo, alikuwa anajifunga kilemba masikioni siku ya soko. Amekubali kuanza kusaga watoto wakishaenda shule.

Rahisi hivyo. Nimerudi nimekasirika kabisa.

Nimeshona pazia nene. Nimetoa saa ya ukutani chumbani. Jumatano na Ijumaa sipokei mtu mchana.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Nimelala. Siandiki zaidi nisije nikauharibu.

Jumamosi, tarehe 15 Juni

Nilikuwa na woga mmoja ambao sikumwambia Mama Katungu: kwamba moto wangu wote ni usingizi uliopungua. Kwamba nikilala vizuri wiki mbili nitakuwa mama mnene anayependa kila mtu.

Leo nimesoma redioni makala juu ya vizuizi vya barabarani, niliyoiandika nikiwa nimepumzika. Ni kali kuliko zote. Hakuna hata sentensi moja ya matusi, na mkubwa mmoja ametuma mtu kuuliza nilipata wapi habari zangu. Basi hasira ni yangu. Sasa nazitofautisha: kuna inayotazama mbele na kuna inayotafuta tu mtu wa karibu.

Ile niliyompiga nayo Kavira, nimeitafakari sana. Hoja zilikuwa sahihi. Zote. Nazirudia na bado ni sahihi. Kahambu alikuwa ametazama sakafu.

Nimempigia. Simu imeita mpaka mwisho.

Jumamosi, tarehe 22 Juni

Leo wanamaliza kilio Beni.

Nimeomba mwingine asome mahali pangu redioni. Nimekaa nyumbani. Wakati huu wananyoa nywele. Wakati huu wanafua nguo zote na kuzianika kwenye ua, na harufu ya mbuzi imeanza. Kavira anagawa sahani. Mkubwa wa ukoo anasimama. Nimeyaona mara nyingi mno, nayaona vizuri kuliko ukuta ulio mbele yangu.

Moulin imefungwa, mwenyewe ameenda harusini. Pazia limeteremshwa. Nyumba kimya, kimya kile nilichokuwa nakitaka maisha yangu yote, kile nilichokipigania kwenye mikrofoni. Nimeketi ndani yake kama mtu aliyesahauliwa ofisini baada ya wote kufunga na kwenda. Kila kitu kiko mahali pake. Hakuna kinachoniumiza. Hakuna anayejua kama nimekula.

Hili Mama Katungu hakulisema, au alilisema sikusikia: sauti zikipungua sana, inabaki moja, na hiyo haina pamba.

Sijui kama nimetajwa. Hakuna atakayenipigia kuniambia sikutajwa.

Jumatatu, tarehe 24 Juni

Mitihani imekwisha. Mkuu wa shule amenipa ruhusa. Nimelala mapema jana na leo mchana pia nimelala, kwa makusudi, kama mtu anayeweka akiba ya maji. Kesho naenda Beni.

Sikuandaa hoja. Nimejaribu kuandaa maneno matatu na yamekuwa kurasa nne. Nimezichana.

Jumanne, tarehe 25 Juni. Beni

Uwanja umefagiliwa. Shitingi imetolewa, kumebaki matundu ya miti ardhini na duara jeusi la moto. Watu wote wameondoka. Kavira amerudi Kasindi dukani kwake. Watoto wa Kahambu, wale wawili wanaosoma Bunia, wameondoka Jumapili. Nilijua itakuwa hivyo, wote tunajua: kilio kikiisha kinaisha kwa siku moja, na mjane anabaki na sufuria za kuazima zinazosubiri wenyewe.

Alikuwa jikoni anazisugua. Kichwa kimenyolewa. Nimemwona mdogo sana, kama wakati tunamsuka mafundo mawili Luofu. Amenitazama bila kuacha kusugua.

Nikasema yale niliyoweza. Kwamba sikutoka kwa kumchukia Kambale wala kwa kumwogopa. Kwamba mwili wangu hauwezi kukaa katika watu wengi, unavunjika, na nilitakiwa kumwambia yeye kwanza, mdomo kwa sikio. Kwamba niliambia mji mzima na sikumwambia yeye. Nikanyamaza. Kwangu mimi kunyamaza baada ya sentensi chache ni kama kusimama mguu mmoja.

Akasugua sufuria mpaka ikang'aa. Akaifudikiza juu ya jiwe. Akasema:

"Najua weye hapana kulala na batu. Nilijua tangu zamani. Noeli, wageni bakijaa, ulikuwa unaenda kulala kwa nyumba ya mbuzi, mama anakutafuta na fimbo. Nani alikuambia nimesahau?"

Mimi nilikuwa nimesahau.

"Ile mambo ya karuho sikuamini hata siku moja. Mais Yaya, nani alilala pale? Unazani mimi nililala? Nilifunga macho tu. Nilikuona ukitoka, mara zote mbili. Sikutaka ulale. Nilitaka tukose usingizi pamoja, mimi na weye."

Miaka yote ya mikrofoni, mapadri, wanasheria, makoloneli, na sikuwa na jibu.

Amenipa sufuria. Nikachuchumaa, nikaanza kusugua. Tumesugua zote.

Baadaye kidogo, bila kugeuka, ameniambia kwamba Jumamosi mkubwa wa ukoo alipofika mwisho wa majina, yeye alisema bado. Kavira akauliza bado nani. Akamwambia, "Mutaje dada yangu, nitagombana naye mwenyewe." Kavira alinung'unika mpaka chakula kikapoa, halafu akaniwekea fungu la nyama. Limeharibika kwa joto. Wamempa mbwa.

Ijumaa, tarehe 28 Juni. Beni

Joto. Kahambu hajalala vizuri tangu nifike, namsikia kupitia ukuta. Anageuka upande wa Kambale, anarudi. Nami siko mbali na hapo. Tunaamka na macho mekundu, tunatazamana, tunapika chai. Ananiambia nina sura ya bundi. Namwambia ajitazame.

Tumegombana jana juu ya bafle. Anasema zilimsaidia, zilifunika sauti yake mwenyewe. Sikuwa nimelifikiria hilo hata mara moja. Nimemwambia bado ni nyingi mno. Tumegombana vizuri.

Kavira amepiga simu kutoka Kasindi, ameuliza kama mwalimu bado yupo. Kahambu akasema yupo. Kavira akasema anatuma samaki.

Leo baada ya chakula Kahambu amelala kwenye mkeka sebuleni, dirisha wazi, mkono chini ya shavu. Usingizi wa kweli, midomo imefunguka. Moto zinapita barabarani, mtu anapigilia mabati, kuku wameingia ndani na kutoka. Nasikia vyote. Nimekaa kuume kwake, mgongo ukutani. Sijatoka.